Vyuma vya Kitanda cha Muzee Wenceslas

Muzee Wenceslas alikuwa na usingizi wa safari. Roho njo ilitangulia, na mwili ulitaka kuifuata. Kila mchana, wakiisha kula bugali na majani ya sombe mu ile nyumba ya wazee kule Mapendo, mvua ndogo ikipiga mabati, alifunga macho tu, na tayari alikuwa kwake Kalengera.

Kalengera ya mu ndoto haina vita. Maharagi inakauka mbele ya mulango, moshi inapanda polepole, na muke wake Apolline, mwenye alikufa zamani, anasimama kandokando ya barabara kubwa, kitunga ku kichwa.

"Baba Valérie, unachelewa nini?"

"Ninakuja, mama. Ninakuja."

Njo hapo alikuwa anaanza kuinuka mu usingizi, macho imefungwa.

Sasa, kitanda chake hakikuwa cha kushuka hivihivi. Kilitoka Bulaya, kirefu kwenda juu, na vyuma huku na huku, vile vya kuzuia mugonjwa asianguke. Valérie, mutoto wake, alivipenda ile vyuma sana. Siku alimuleta baba yake, alivipandisha yeye mwenyewe, akavitikisa, akasema: "Papa, hautalala chini tena."

Usimucheke. Wakati vita ilirudi mu Rutshuru, mpaka kwao Kalengera, walikimbia na miguu mpaka kambi ya Kanyaruchinya, na kule muzee alilala juu ya mawe ya volkano, kipande cha bashi, ile plastiki ya hema, chini ya mugongo, maji inapita pembeni. Mutoto akiona baba yake amelala chini kama muzigo wenye kusahauliwa, ile kitu haitoke mu macho. Kwa Valérie, kitanda kirefu ilikuwa heshima.

Lakini kulikuwa shida moja, na kila mutu aliipita bila kuiogopa. Matela yenyewe ya kile kitanda, godoro kubwa na nzito, masista wenye ile nyumba waliipatia wanawake wakimbizi wenye walizalia mu paroasi ya kanisa, na walifanya vizuri. Kitanda kikabaki na matela ya sokoni, ndogo kuliko chenyewe. Kati ya matela na vyuma, shimo: kichwa cha mutu kinaingia. Mama Louise, mwenye kutunza wazee, alisukumia mu ile shimo kitenge cha zamani, akasema basi, imetosha.

Ku kitanda cha pili alilala muzee Mirindi, mutu wa upande wa Bukavu, mwenye alijua kama wazazi wa Wenceslas walitoka Butembo. Miguu yake ilikufa, lakini mudomo, hapana!

"Ninyi watu wa Butembo," alisema, "hata mu usingizi munaenda ku biashara. Leo unaniletea nini?"

"Nitakuletea dawa ya mudomo," Wenceslas alijibu, na akalala.

Mara hii Apolline hakusimama. Alikuwa anaenda, kitunga kinacheza juu ya kichwa, na ukungu wa asubuhi unamukula kidogo kidogo. "Ungoje!" Muzee akageuka, akamufuata mbio. Kumbe njia iliingia kati ya mawe mawili, moja laini, moja baridi, na ile mawe ikamushika ku shingo. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Miguu ilikimbia bila kufika fasi. Mbali sana alisikia kengele ya kanisa inalia vibaya, kama mutoto anaichezea, na akafikiri: labda ni ya kwangu.

Ilikuwa Mirindi anapiga kikombe juu ya chuma cha kitanda chake. "Louise! Louise eeh! Chuma inakula muzee!"

Mama Louise alikuja mbio, akashusha vyuma, akamuvuta. Wenceslas alikohoa, alikohoa, pumzi ikarudi. Ku shingo alama nyekundu ilibaki, kama kamba ya mbuzi.

Valérie aliitwa. Alifika na kitenge chake cha kanisa, akaona ile alama, akalia. Kisha akasema: "Tumufunge mikono. Na vyuma tuviongeze juu."

"Akiviruka ataanguka kutoka juu zaidi," Louise alisema pole, macho chini, sababu kile kitenge cha kuziba shimo kilikuwa kazi ya mukono wake. "Na ukimufunga, atapigana na kamba."

"Sasa tufanye nini?"

Wenceslas alimushika mukono. "Valérie, mama yangu. Vyuma havizuie ndoto. Mimi nitaenda tu, kila siku nitaenda. Unipatie fasi ya kuangukia."

"Chini? Papa! Watu watasema nilikurudisha mu kambi!"

"Hao watu ni wapi?" Mirindi aliuliza. "Hapa watu ni miye peke. Na miye ninasema, aheri huyu akorome chini, kuliko nimulilie mu sanduku. Sina hata machozi ya kupotezea mutu wa Butembo."

Valérie alicheka na machozi yake. Alikamata ile matela ya sokoni, akailaza chini karibu na ukuta. Louise akatandika mikeka pembeni, miwili miwili.

Mvua iliendelea. Muzee alilala, na safari ikaanza: miguu ikacheza, bega likageuka, akaviringika nje ya matela. Valérie aliruka ili amushike. Lakini baba yake alifika juu ya mukeka kama jani, bila sauti, na uso wake ulikuwa unacheka.

Akainama. "Papa, uko wapi?"

"Nimefika," alisema, macho imefungwa. "Mama yako anapika. Ukae."

Valérie aliangalia mulango, akaangalia kitenge chake kizuri. Kisha akakaa chini.