Sauti Inapanda Wapi

Nurbu alikuwa akipiga deki katika zahanati moja ya mtaa wa Al Mansoura, kwenye nchi ya Kiarabu tuliyokuja kufanyia kazi, nami nikikaa mapokezi. Kwao ni milimani Nepal, kwenye bonde ambalo lugha yake, aliniambia, haijawahi kuandikwa. Watoto wa huko walishahamia Kinepali. Hata binti yake, aliyekuwa akisoma Kathmandu, hakuijua.

Siku moja mwaka 2013 alinifundisha maneno mawili. "Mela," alisema, akionyesha maji ya ndoo. "Mela," akasema tena, akigusa goti. Wenzetu wa duka la dawa walicheka, kwa sababu walisikia neno moja. Mimi nilisikia mawili: la kwanza sauti ilipanda mwanzoni, la pili mwishoni. Nimelelewa kwa lugha ya Ekegusii, ambako sauti ikikosea mahali pake maana nayo hupotea.

"Dada Kerubo, wewe una sikio," alisema. "Niandikie, nimpe binti yangu."

Nikanunua daftari. Kila Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya kanisa pia, nikitoka ibadani Mesaimeer, tulikutana kwenye mkahawa mdogo wa chai. Yeye alitamka, mimi nikaandika, na juu ya silabi inayopanda nikaweka kistari. Tukibishana alimpigia simu bibi yake kijijini, spika ikiwa wazi. Bibi alilitamka neno mara tatu, polepole, kisha akafoka.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema nimeanza kuongea kama karani wa serikali," alijibu Nurbu, akicheka kwa haya.

Tulifika maneno mia sita.

Aprili 2015, siku ya Jumamosi, tetemeko likapiga Nepal. Nurbu alishinda ameegemea ukuta na simu sikioni, fagio la deki limelala miguuni pake. Siku ya tatu binamu yake akapatikana kwa simu. Mlima ulikuwa umeshuka juu ya nyumba saba, na bibi alikuwa ndani. Binti alikuwa salama, akilala uwanjani na wenzake. Nurbu akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Msimamizi wake alimwambia mlima umeshazika, yeye anaenda kumzika nani?

Wiki tatu baadaye tuliketi tena. Ni yeye aliyetaka. Akasema neno la nguzo, ile inayobeba paa. Alilisema sauti ikipanda mwanzoni. Akalirudia ikipanda mwishoni. Akarudia tena. Mkono ulienda kwenye simu, ukaishia mezani.

"Inapanda wapi?" niliuliza, na hadi leo najuta.

"Sijui, dada. Miaka tisa hapa nasema Kihindi, na Kiarabu cha kupokea amri. Nilikuwa naisikia kwake tu."

"Wengine wa kijijini je?"

"Wazee walikuwa kwenye nyumba zile. Waliobaki ni vijana, watasema vyovyote."

Ningeweza kukisia. Kwa maneno mia sita nilishaanza kuona mwenendo. Lakini kukisia kwangu kungekuwa kumwekea marehemu maneno mdomoni. Nikaweka kalamu chini.

"Tuliache bila kistari," nilisema.

Alikubali kwa kichwa, kisha akalia, uso ameufunika kwa mkono wa sare. Mwenye mkahawa alituletea chai ambayo hatukuagiza, akarudi jikoni.

Mwaka uliofuata mkataba wake uliisha, akaondoka na daftari. Maneno thelathini ya mwisho, tuliyoandika baada ya tetemeko, hayakuwa na vistari.

Miezi miwili baadaye nikapokea ujumbe wa sauti kutoka Kathmandu. Binti yake alikuwa akisoma daftari, haraka, kwa sauti safi. Maji, goti, mlango, mbegu, yote yakatoka kwa kimo kimoja, kama majina yanayoitwa darasani. Vistari alivipita tu.

Kisha ikaja sauti ya Nurbu. "Umesikia, dada? Anasoma!"

Nilingoja amsahihishe. Ujumbe ukaisha. Nikausikiliza mara ya pili, nikitega sikio kwa chochote nyuma ya sauti ya mtoto, kikohozi, hata pumzi ya kusita. Hapakuwa na kitu.

Nikamjibu kwamba anasoma vizuri sana.