Kaske Iliyokataa Ampli za Nyalukemba

Haya nitakayoyasema ni kweli kuanzia kichwa hadi kwato. Sikuongeza chumvi, mwaka ule chumvi yenyewe ilikuwa ghali. Mwenye shaka apande Nyalukemba akaulize, wako wazee ambao bado hawajafa na hawana sababu yoyote ya kunipendelea.

Alikuwako pale Nyalukemba, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, mtu mmoja aitwaye Modeste, dereva mstaafu wa kampuni ya chai, mrefu, mwenye sura ya kupendeza na akili ambayo shule haikuwahi kuigusa. Jina hilo, ambalo kwa Kifaransa ni mnyenyekevu, alipewa siku ya ubatizo, kabla hajaanza kusema. Ufundi wa umeme alijifundisha mwenyewe kwa kufungua vitu. Alifungua pasi, akafungua saa ya ukutani, akafungua redio ya baba mkwe. Vingine alivifunga tena.

Huyu Modeste alikuwa na kitu ambacho Bukavu nzima haikuwa nacho, na ambacho hata watu wa Kinshasa walikisikia kwa jina tu: kaske ya kusikilizia muziki, nyeusi, nzito, yenye mito laini inayofunika sikio zima kama kiganja cha mama. Aliachiwa na daktari wa meno Mjerumani vita vilipoingia mjini mwaka wa tisini na sita. Ndani ya gari ilibaki nafasi moja tu, na Mjerumani alitakiwa achague: kaske au paka. Akachukua paka. Modeste aliona huo ni uamuzi wa kijinga kuliko yote ya vita ile, na vita ile haikukosa maamuzi ya kijinga.

Kaske ikakaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wageni walionyeshwa, wakaruhusiwa kugusa kwa kidole. Kuivaa, hapana. Sababu yake Modeste hakuitangaza: kila alipoichomeka kwenye chombo chake chochote, ilitoa sauti ya inzi ndani ya chupa.

Ingebaki hivyo hadi leo kama si Pasaka ya mwaka elfu mbili. Bibi yake Modeste, yaani mkewe, Maman Constance, ndiye aliyekuwa akiimba solo ya Pasaka parokiani, na Modeste aliijivunia sauti hiyo kuliko kaske, jambo ambalo si dogo. Kiongozi wa kwaya alikuwa Grégoire, mtu mwema, mwenye biashara ya kukodisha muziki wa harusi: maspika marefu kama makabati, na ampli ya kukuzia sauti, ya wati elfu kwa hesabu yake mwenyewe. Mwanzo wa Kwaresima Grégoire alirekodi mazoezi kwenye kaseti, kisha akawapigia wanakwaya wote wasikilize kupitia maspika yake. Sauti ya Constance ilipopanda juu, kitu kilikwaruza kama ukucha kwenye bati.

"Maman Constance, usinikasirikie," Grégoire alimwambia mbele ya watu. "Sauti yako imezeeka. Sikiya mwenyewe. Pasaka hii tutamupa mwengine."

Constance alikaza kitenge chake, akaenda nyumbani bila kulia. Ila aliacha kuimba. Mwanamke huyu alizoea kuimba akitwanga majani ya sombe, kuimba akianika nguo, kuimba hata risasi zikilia upande wa Kadutu, kwa sauti ya chini kidogo tu. Sasa nyumba ikawa kimya hata Modeste akagundua, baada ya miaka yote ile, kwamba mlango wao wa jikoni unalia.

Modeste alimfuata Grégoire, akamwambia kwamba kilichozeeka ni maspika yake, ambayo harusi za Bukavu zimeyatoboa. Grégoire alimjibu kwa upole kwamba mume si shahidi. Kama kuna chombo kingine kinachosema tofauti, Modeste akilete, naye atasikiliza kwa masikio yake mwenyewe; lakini iwe kabla ya Jumapili ya Matawi, kwa maana siku hiyo atatangaza jina la mwimbaji. Akampa kaseti aende nayo.

Chombo kilikuwako, juu ya kabati. Shida ni kwamba kilikuwa bubu. Modeste alikivua kitambaa, akakichomeka kwenye kiredio chake cha mfukoni cha kaseti, akazungusha sauti hadi mwisho. Inzi, chupa. Constance alikiweka sikioni, akasikiliza, akakirudisha.

"Ndiyo hii umekuwa unatufichia na kitambaa?" akauliza.

Basi Modeste akaenda kuomba ampli ya Grégoire yenyewe, na Grégoire, ambaye hakuwa mchoyo, akamruhusu achomeke kaske kwenye kitundu chake cha mbele. Safari hii sauti ilipanda. Ilipanda na uchafu wake wote, ikichemka kama mafuta yaliyotiwa maji, na pale Constance alipopaa juu, ukucha ulikuwa palepale kwenye bati. Grégoire alimpiga bega, akasema wati elfu zimesema. Modeste akatoka bila kuaga.

Alikaa siku nyingi akiigeuzageuza kaske mkononi. Ubavuni iliandikwa mia sita, na alama mfano wa chungu kilichopinduliwa. Mwanzoni alidhani ni bei, kumbe ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita humo. Jibu lilimjia bombani, akingojea maji. Anayekaa mlimani Nyalukemba anajua jambo hili tangu utotoni: bomba linaweza kuwa pana kama paja, lakini maji yakikosa msukumo hayapandi, yanawanywesha wa bondeni tu. Kaske ya Mjerumani ilikuwa nyumba ya juu kabisa mlimani. Kiredio cha mfukoni hakikuwa na msukumo. Ampli ya Grégoire ilikuwa nao, lakini ilikuwa mto wa mafuriko, inapandisha maji na matope. Kilichotakiwa ni maji kidogo, safi, yenye msukumo mkubwa. Na msukumo wa namna hiyo, Modeste aliwaza, wanao wazee: zile redio za kizamani za taa, zenye vioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani na kutia joto sebule nzima.

Redio kama hiyo ilikuwa Nyangezi, kwa shemeji yake Venant, kaka yake Constance. Njia ya Nyangezi mwaka ule haikuwa njia ya kutembelea mashemeji. Vizuizi vya wenye bunduki vilifuatana, na kila kizuizi kilikuwa na njaa yake. Modeste akaenda. Akaikuta redio ya Venant nyuma ya nyumba, kifuniko kimeng'olewa, ndani amelala kuku. Venant alisema redio aichukue, ila kuku asisumbuliwe, yuko kwenye mayai. Baada ya mabishano marefu iliamuliwa kwamba kuku na redio visafiri pamoja.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mji, askari mmoja kijana alichungulia ndani ya kitenge kilichofunika redio, akaona nyaya na vioo, akarudi nyuma hatua moja. Siku zile mtu aliyekamatwa na phonie, ile mashine ya kuongea na waasi wa msituni, hakuulizwa mara mbili.

"Muzee, iyi ni phonie. Unaongea na nani?"

"Afande, iyi ni nyumba ya kuku," Modeste akajibu. "Phonie gani inataga?"

Na hapo hapo, mbele ya askari, mbele ya abiria wote wa gari alilopanda Modeste, kuku akainuka, akajinyoosha, akataga. Si yai moja. Mawili. Askari aliyachukua yakiwa bado ya moto, akamwita mwenzake aje ashike, wakacheka mpaka kofia zikaanguka, na Modeste akapita.

Kuku alirudishwa kwa Venant baadaye. Redio haikurudi. Modeste aliichambua juu ya meza ya kulia, akaacha taa mbili na kile chuma kizito cha kubadilisha umeme, akavifunga juu ya ubao wa sanduku la sabuni, akaviunganisha kwa waya alioutoa kwenye taa ya baiskeli. Akachomeka kiredio chenye kaseti, na alipowasha, vioo vikang'aa. Akavaa kaske. Kwa mara ya kwanza tangu Mjerumani apande gari na paka wake, kaske ilisema, kwa sauti nene, pana, yenye mwili.

Kisha akasikia mvumo. Mmmm, chini ya kila kitu, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya ukuta. Sauti ya Constance ilikuwa humo, lakini nyuki amekalia juu yake. Mtu yeyote angeweza kusema ni sauti iliyozeeka. Modeste alipindua waya, nyuki yumo. Alihamisha chuma kizito, nyuki yumo. Kila mchana umeme ulipokuja aliketi kwenye ubao wake akichomelea na kulaani, na Jumapili ya Matawi ilikuwa inasogea. Constance alimwambia aache. Kila mtu anazeeka, alisema, hata mimi. Modeste hajapata kusikia maneno mabaya kuliko hayo, na alikuwa amepita kwenye vizuizi vyote vya Nyangezi.

Jumatatu ya juma la mwisho kabla ya Matawi, asubuhi, aliona mkebe mtupu wa maziwa ya unga jikoni. Akaukata matundu, akaifunika nao taa ya kwanza, akaufunga kwa waya kwenye ubao. Akawasha. Akavaa kaske.

Kimya. Kimya safi, kipana, kama ziwa alfajiri. Wahenga wamesema debe tupu haliachi kuvuma. Hilo la Modeste lilinyamazisha. Alivua kaske, akakimbia barabarani na ndara, akamwita Grégoire. Siku hiyo Grégoire alikuwa nyumbani, kama kila mtu. Ilikuwa ville morte: mji mzima ulikuwa umejifunga wenyewe, maduka, ofisi, soko, ili wenye bunduki wajue mji ni wa nani. Grégoire alikuja, na nusu ya kwaya ikaja nyuma yake, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine.

Akaketishwa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Constance alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ndani ya kitenge, akitazama nje. Modeste akamvisha Grégoire kaske taratibu, kwa mkao wa mtu anayemvisha askofu, akabonyeza kaseti.

Mwanzoni Grégoire alitabasamu kwa adabu. Halafu tabasamu likaondoka. Aliinua kidole na kuuliza, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio, ni nani huyo anayevuta pumzi, kisha akaelewa ni Constance, kabla ya kupanda. Alisikia besi mmoja akichelewa, akamtaja jina, na mwenye jina akainamisha kichwa pale ukumbini. Halafu wimbo ukafika pale juu. Wote walijua umefika, kwa sababu Grégoire alifumba macho. Hakukunja uso. Alipiga kidole kimoja gotini, polepole, mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

Alipovua kaske aliishika kwa mikono miwili, hakujua aiweke wapi.

"Maman Constance," alisema, "nilikukosea. Pale juu hakuna kitu kinakwaruza. Iko vyombo vyangu."

"Ulinisema mbele ya watu," Constance akajibu bila kugeuka. "Na hiyo uiseme mbele ya watu."

Jumapili ya Matawi akaisema, mbele ya parokia nzima, akiwa na tawi mkononi. Na Pasaka Constance akaimba. Sitaki kuongeza lolote. Nitasema tu kwamba alipofika pale juu, askari waliokuwa wakipita barabarani walivua kofia bila kuamriwa, mbuzi wa mtaa mzima waliacha kula, na upande wa pili wa maji, kule Cyangugu nchini Rwanda, watu walisikika wakiitikia Amina. Modeste alikaa benchi la mbele, kifua mbele, akimweleza jirani yake kwa kunong'ona jinsi mkebe wa maziwa, ukikatwa matundu kwa kipimo anachokijua fundi mmoja tu katika Kivu yote, unavyoweza kumeza mvumo wowote duniani. Baadaye mainjinia wa Kinshasa walimtumia ujumbe kumwomba kipimo hicho. Alikataa.

Nilikuwa nimefika hapo, na wasikilizaji wangu wananisikiliza vizuri kabisa, Constance alipotoka jikoni akifuta mikono.

"Papa Modeste," akaniambia, "mi nimesikia kila kitu toka mlangoni. Mrefu, sawa. Sura ya kupendeza, tukuachie. Lakini waeleze na kinu."

Niliuliza kinu gani.

"Kinu cha Maman Adélaïde, cha kusaga mihogo, hapa nyuma ya ukuta. Umeme wake na wetu ni waya moja. Ile Jumatatu ilikuwa ville morte, hakusaga. Jumanne amesaga, na mvumo umerudi, na mukebe iko palepale. Miaka yote hii unasifu mukebe."

Grégoire, ambaye siku hizi hutembea na fimbo lakini hakosi barazani kwetu, aliweka glasi chini. Akasema, kumbe kama angekuja Jumanne badala ya Jumatatu, angesikia nyuki, na solo ingeenda kwa mwingine.

"Ungekuja Jumanne ungesikia kinu," Constance akamjibu. "Sauti ingekuwa vilevile. Ilikuwa yangu, haikuwa ya mukebe wala ya Modeste."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Barazani kwetu anayekamatwa na uongo ndiye anayewanywesha wengine. Nililipa madumu mawili ya kasiksi, ile pombe ya ndizi isiyo na haraka, moja la baraza na moja la kumpelekea Maman Adélaïde kwa siku aliyopumzisha kinu chake. Nililipa kichwa juu. Si kila mume anayepata kushindwa hadharani na bibi anayeimba namna ile, nikawaambia. Grégoire akasema hilo ni kweli, akaniagizia nilete na la tatu.