Bao la Miji Mitatu

Evarista alikuwa mkunga katika zahanati ya misheni pale Kihesa, Iringa, na yeye ndiye aliyeshika redio ya upepo. Kila mchana zahanati za misheni ziliitana hewani: nani ameishiwa dawa, nani ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Taarifa zikiisha, watu walikawia kidogo kuagana. Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa.

Evarista alipenda bao tangu utoto. Siku moja mwaka 1976, Liberatus, tabibu wa Makongolosi kule kwenye machimbo ya dhahabu, alimtania kwamba Iringa hakuna mtu anayejua bao.

"Chimba mashimo yako, nami nichimbe yangu, tuone," Evarista akamjibu.

Wa tatu aliingia bila kualikwa. Alikuwa Ngolo, mhudumu wa zahanati ya Ubaruku, ambaye familia yake ilitoka Usukumani ikahamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. "Kamwene, Kihesa!" akasalimia kama Wahehe. "Na sisi tumo. Kwetu bao tunaliita isolo."

Wakatunga sheria zao wenyewe. Kila mji ulikuwa na bao lake, lakini kete zikipita shimo la mwisho hazikurudi nyuma. Ziliingia bao la mji unaofuata. Kete ikiondoka Kihesa iliibukia Ubaruku, ikitoka Ubaruku ikaibukia Makongolosi, kisha ikarudi Kihesa. Ili pasiwe na ubishi, kila mji uliweka mabao yote matatu: lake, na mifano ya yale mengine mawili.

Sista Verediana, mkuu wa zahanati, aliwasikiliza wiki nzima kabla ya kutoa neno. "Wagonjwa kwanza," alisema. "Dakika zikibaki, chezeni."

Baada ya muda baraza la zahanati ya Kihesa lilikuwa likijaa watu kila mchana. Mafundi cherehani, walimu, hata mzee wa kanisa la Kilutheri, wote walikuja kusikia kete zao zimefikia wapi. Evarista hakuwahi kuiona Ubaruku wala Makongolosi. Alizijua kwa sauti tu.

Machi ya mwaka 1978 mvua haikukatika. Mto Mbarali ukavunja kingo, na Ubaruku ikanyamaza. Evarista aliita kila mchana, akasikia mkoromo mtupu.

"Tuwatoe," alisema fundi mmoja. "Kete zao tugawane na Makongolosi."

"Hakuna atakayegusa," Evarista akasema. Rozalia, mfanyakazi mwenzake, akafunika mabao kwa khanga.

Lori la misheni lilipopakiwa dawa na mablanketi kwenda Ubaruku, Evarista alipanda. Barabara ilipoishia majini, wakavushwa kwa mtumbwi hadi kwenye kilima cha shule walikokimbilia watu. Kila upande ulikuwa maji. Masuke ya mpunga hayakuonekana. Mashine ya kukoboa, ambayo barazani kwake ndiko lilikokuwa bao la Ubaruku, ilibaki bati la paa tu.

Siku mbili alifunga vidonda na kuzalisha akina mama. Bao hakulitaja, aliona aibu kuuliza habari za mchezo kwa watu waliopoteza nyumba. Siku ya tatu mwanamke mmoja wa Kisangu, mkulima wa mpunga aitwaye Damari, akamshika mkono.

"Mkunga, wewe ndiye Kihesa?"

"Natoka Kihesa, ndiyo."

"Basi njoo uone kwako."

Nyuma ya darasa, kwenye udongo mgumu wa kichuguu, palikuwa na mashimo safu kwa safu. Mabao yote matatu! Kete zilikuwa kokoto, vifungo vya mashati, mbegu za maboga. Wachungaji wa ng'ombe walikuwa wamekumbuka bao la Makongolosi, wapepetaji mpunga bao la Kihesa, na la kwao wenyewe walikuwa wamelikumbuka kwa kugombana asubuhi nzima. Evarista alichuchumaa. Alikuwa kama mtu aliyepiga hodi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akapokewa na wenyeji.

Ngolo akaja akiwa na redio. Aliivusha majini kichwani, lakini betri ilikuwa imekufa. Wakaenda kuchukua betri ya lori, wakaivusha kwa mtumbwi.

"Makongolosi, Kihesa, hapa Ubaruku. Mnatupata?" Ngolo akaita.

Sauti ya Liberatus ikapasuka, "Mko hai! Jamani, Ubaruku wako hai!" Kule nyuma yake watu walipiga vigelegele.

Taarifa za wagonjwa zilipokwisha, wakalinganisha shimo kwa shimo. Yote yalilingana, isipokuwa shimo moja katika bao la Kihesa.

"Hapa tuna tatu," Rozalia alisema kutoka Kihesa.

"Nne," Damari akasema, bila hata kutazama chini.

"Na mimi nina nne," Liberatus akaunga mkono.

Rozalia akaenda kulitazama bao tena, akarudi akicheka. "Mkunga, kete zetu tulikuwa tumeweka maharage. Naona kinyesi cha panya hapa chini ya khanga."

Kilima kizima kikaangua kicheko, na wengine wakalia huku wakicheka. Evarista alitazama yale maji yasiyo na mwisho, akawaza: mto umezoa nyumba na shamba, lakini kete moja ya Kihesa, iliyopotea Kihesa kwenyewe, imetunzwa hapa.

Ngolo akakunja mikono ya shati, akateka kete za shimo moja, akazisambaza. Mbili zikavuka kuingia bao la Makongolosi.

"Zimefika," alisema Liberatus kutoka machimboni.

Watu wa Ubaruku walijenga upya, juu kidogo ya mto, na mchezo ukaendelea. Mwaka uliofuata Tukuyu wakaomba kuingia. Mchana mmoja sauti ngeni yenye lafudhi ya Kinyakyusa iliuliza hewani kete zianzie shimo lipi. Evarista alinyanyua kipaza sauti ajibu, lakini Damari, kutoka Ubaruku, alikuwa ameshaanza kumweleza, taratibu, sheria moja baada ya nyingine. Akakiweka chini, akasikiliza.