Chupa Haivuliwi Nguo

Katika maabara yetu chupa ya dawa haivuliwi nguo. Dawa yenyewe tumeitengeneza kutokana na vitamini E, na ikipigwa na jua siku mbili tatu haina kazi tena, ndiyo maana tunaivisha foili kuanzia shingoni mpaka kitakoni. Mimi ndiye fundi wa maabara, na sheria hiyo naijua hata usingizini. Mkuu wetu haijui, kwa sababu miaka tisa hajashika chupa. Huingia pale mpiga picha anapokuja, akitanguliwa na manukato yake. Tunamwita Marashi.

Ugomvi wangu naye unamhusu mama. Saratani ya titi ilipomlaza, mama alikubali kipande cha uvimbe wake kikuzwe maabara ili tujaribie dawa. Alitia sahihi kwa sharti moja.

"Hizo seli ziitwe Kiherehere," alisema. Ndilo jina alilobandikwa na majirani kwa kuwahi kila shughuli, hata asipoalikwa. "Nikifa, niendelee kujipenyeza."

Marashi alikuwepo. Akacheka, akampa mkono, akaahidi.

Mama alifariki. Seli zake zikaongezeka mbiombio kama mwenyewe alivyokuwa, na dawa ikaziua, sahani baada ya sahani, huku seli zenye afya zikisalimika. Kumpa mgonjwa bado, tena sana, lakini ilitia moyo. Makala ya Marashi ilipotoka, nikakuta seli za mama zinaitwa kwa herufi za jina la mkuu mwenyewe. Nikamfuata ofisini.

"Kiherehere si jina la kisayansi, dada," alinijibu, macho yakiwa kwenye simu. "Watatucheka."

Tangu siku hiyo mdogo wangu akinipigia hasalimii. Huuliza tu, "Mama kasharudishiwa jina?" Nilimchukia yule bwana pamoja na manukato yake, na sioni haya kusema.

Ijumaa moja tukaambiwa kwamba Jumatano jopo la wataalamu lingekuja kuona matokeo ya jaribio, na kwamba Marashi mwenyewe ndiye atakayelifanya. Mpiga picha akataka kuona rangi ya dawa. Marashi akaichana foili, akainyanyua chupa dirishani. Kweli inapendeza, njano kama mafuta ya kupikia. Akaiacha palepale juani, akaenda zake.

Neno langu moja lingetosha. Nikalimeza, nikaenda nyumbani, nikala nikashiba.

Jumatatu akaitia dawa hiyo kwenye seli, huku akitabasamu kwa ajili ya picha. Alipotoka, nikaandaa sahani yangu ya seli hizohizo, upande mmoja nikiutia dawa ya chupa nyingine, iliyovaa.

Jumatano jopo likamzunguka. Kipimo chetu ni rangi tunayotia mwishoni: seli zilizo hai huigeuza zambarau, zilizokufa haziwezi. Sahani ya Marashi ikawa zambarau mwanzo mwisho. Mama alikuwa mzima kabisa, na kiherehere chake.

"Labda joto..." Marashi alianza. Jasho lilikuwa limeyashinda manukato.

"Kwa hiyo dawa haifanyi kazi?" aliuliza mwenyekiti wa jopo, mwanamke mmoja mwenye miwani minene.

"Inafanya," nikasema. "Mkuu aliianika juani siku tatu, nami nikamwacha. Ipo sahani ya pili. Ila seli hizo zina mwenyewe, na sahani haitoki mpaka arudishiwe jina."

Nikamkabidhi fomu aliyotia sahihi mama yangu, yenye sharti lake. Mwenyekiti akaisoma mpaka chini, akamgeukia Marashi.

"Uliahidi?"

Marashi akaitikia kwa kichwa, shingo imelegea.

"Basi makala itarekebishwa. Na jina andika sasa hivi."

Nikampa kalamu ya wino. Akaandika KIHEREHERE juu ya kifuniko, na mtaalamu mmoja akalisoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaitoa sahani. Upande wa dawa rangi haikugeuka hata kidogo, na jopo zima likainama kutazama.

Marashi akafunika kalamu.

"Bado, mkuu," nikasema. "Kwenye friza zimo chupa arobaini za seli zake, zote zina jina lako."

Nikamsogezea kiti, nikampigia mdogo wangu. Kama kawaida yake, hakusalimu.

"Anaandika," nikamwambia. "Niko hapa namsimamia."