Mwenye Mashaka Yuko Juu ya Paa

Fundi wa mabati ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Ukimpa nyumba inayovuja ataizunguka, atakuna kidevu, kisha atakuonyesha tundu lenyewe. Lakini Jumamosi moja alitoka kwenye maombi yaliyofanyika sebuleni kwake mwenyewe akiwa hajui kulia wala kushoto, na wa kulaumiwa, kama yupo wa kulaumiwa, ni mwinjilisti.

Mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi. Mdomo ulisharudi mahali pake, mkono nao ulikuwa unajitahidi, ila mguu wa kushoto ulikataa katakata. Daktari alisema waendelee na mazoezi, huenda ukarudi, huenda usirudi. Misumari aliona maneno hayo hayana kichwa wala miguu, akayashika hivyo hivyo kwa kuwa hakupewa mengine. Ndipo mwinjilisti na waumini wachache wakaanza kuja kila Jumamosi mchana, wanasoma Injili, wanamwombea mgonjwa, wanakunywa chai na kuondoka.

Misumari alikuwa akikaa mlangoni, kofia magotini, akisikiliza kwa masikio ya fundi. Siku waliposoma habari za wale watu wanne waliobomoa paa wakamteremsha mgonjwa wao mbele ya Yesu, wenzake walifuta machozi. Misumari aliuliza ni nani aliyelirudishia lile paa, na kama mwenye nyumba aliambiwa mapema. Watu walicheka, na mgonjwa mwenyewe akashika mbavu. Lakini mwenzao hakuwa anatania. Uwezo wa kumwinua mtu aliyepooza ungeweza kumwinua hukohuko nje bila kuharibu kazi ya mtu, na hakuelewa kwa nini haukufanya hivyo.

Sasa Jumamosi hiyo ninayoisema wakasoma jinsi Yesu alivyorudi kwao, asifanye miujiza mingi, kwa sababu watu wa kwao hawakumwamini. Mwinjilisti, mtu mpole asiyemtakia mtu baya, akaeleza kwamba hata kutoamini kwa mtu mmoja kunaweza kusimama mlangoni mwa nyumba na kuzuia baraka. Hakumtazama mtu. Lakini aliyekaa mlangoni alikuwa mmoja tu.

Wiki nzima akawa si yeye. Alikuwa anaezeka ghala la mbao, na alipigilia bati moja juu chini mpaka saidia fundi wakatazamana. Kichwani alikuwa anabishana. Bahari ilinyamazishwa, sawa, je, bahari iliamini lini? Na yule aliyekaa kaburini siku nne akaitwa akatoka, yeye aliamini nini, na kwa akili ipi? Halafu yule baba aliyeleta mwanawe mgonjwa, akakiri kwa pumzi moja kwamba anaamini na haamini, mwanawe alipona. Iweje basi mguu mmoja wa mwanamke asiye na ubaya na mtu ushikiliwe na mashaka ya mumewe?

Maana mashaka alikuwa nayo, hilo hakulificha. Kila akifumba macho kuomba aliona giza la kawaida, la mtu aliyefumba macho. Alimpenda mkewe, alitaka atembee, na aliogopa kwamba yeye ndiye kizuizi. Alimvizia mwinjilisti njiani akamuuliza mtu anajuaje kama anaamini. Mwinjilisti akamwambia imani huanza ndogo kama punje ya haradali, kisha hukua. Misumari akauliza inaweza kuwa ndogo kiasi gani kabla haijawa si kitu. Mwinjilisti akacheka, akamwona mwenzake hacheki, akasema kwa kweli hajui.

Jumamosi iliyofuata fundi akakata shauri. Kama ni yeye anayeziba, atoke. Kuondoka kabisa hakuweza, majirani wangesema amemtelekeza mgonjwa. Basi akamwambia shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyekuwa anamuuguza, kwamba kuna bati limelegea, akaegemeza ngazi na kupanda. Alipokwisha kukaa akawaza kuwa paa nalo ni sehemu ya nyumba. Akajisogeza mpaka pale linapotokeza kufunika kibaraza, ambapo chini yake hapana chumba, akaona hapo hana lawama.

Akasema kwa sauti ya chini, "Haya, mimi nimetoka. Endelea na kazi yako."

Chini waliimba, wakasoma. Madirisha yalikuwa wazi, na hakuna neno lililompita. Mwinjilisti akamuuliza mgonjwa, kwa upole wake uleule, kama anaamini kwamba Bwana anaweza kumwinua.

"Hapana, mwinjilisti," mkewe akasema. "Nilishaacha zamani. Nawaitikia amina kwa sababu mnajisumbua kuja. Anayeamini humu ni huyo aliye juu ya paa. Kila asubuhi ananivisha viatu vyote viwili, anafunga na kamba. Nikamwambia cha kushoto aache, hakina pa kwenda. Akasema acha kikae, kisije kikatafutwa siku kitakapohitajika. Mimi sijui anaona nini. Namwegemea yeye tu."

Misumari akashika ukingo wa bati. Viatu? Alikuwa anamvisha kwa sababu mguu ulio peku kando ya mwenzake wenye kiatu ulimuuma rohoni, basi. Hayo ndiyo yanayoitwa imani? Kama ndiyo, mbona hakuna aliyemwambia? Na kama siyo, mkewe alikuwa ameegemea hewa. Yote mawili yalimtisha, na kati ya hayo likaja jingine, zito kuliko yote. Yeye mwenye mashaka alipata ngazi akapanda. Mkewe naye alikuwa na mashaka, amewekwa kitini katikati ya watu wanaomwombea, na hakuwa na pa kukimbilia.

Akashuka haraka kuliko inavyomfaa fundi mzoefu. Watu wakampisha. Akakaa sakafuni karibu na kiti cha mkewe, mikono ina kutu ya mabati.

"Nilidanganya, hakuna bati lililolegea," akasema. "Nilipanda ili nikupishe. Niliona mimi ndiye nisiyeamini."

Mkewe akauliza, "Kwa hiyo baba watoto, humu ndani nimemwegemea nani?"

Misumari akamgeukia mwinjilisti, naye akawa anatazama kitabu chake bila kufungua ukurasa. Shemeji alikuwa analia kimyakimya. Misumari, ambaye hajawahi kuomba mbele za watu, akaona hakuna mwingine wa kusema, akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili, na safari hii hakufumba macho.

"Bwana," akasema, "wenye mashaka ni sisi hapa, wote wawili. Hatutoki tena."

Hakujua kama hiyo ni sala, wala kama inahitaji amina. Mkewe ndiye aliyeinamisha kichwa, akaweka mkono wake mbovu juu ya mikono ya mumewe, na kusema, "Endelea."