Treni ya Jumapili, Saa Tisa

Fundi bomba alileta mpango wake Jumatano jioni. Zilikuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, akaziweka juu ya meza ya mke wake wa zamani, kisha akarudi nyuma hatua moja kana kwamba meza ingemng'ata. Hakukaa. Hakuna aliyemkaribisha.

"Soma," alisema. "Safari hii huoni tundu."

"Nitasoma. Wewe simama hapo hapo mlangoni, fundi. Viatu vyako vina tope."

Tangu waachane, mwaka wa pili sasa, hakuwa amemwita Baba Tone hata siku moja. Alimwita fundi, kama vile amekuja kuzibua sinki. Tone ndiye binti yao, miaka minne na nusu. Jina hilo alipewa na baba yake siku aliyozaliwa, kwa kuwa alikuwa mdogo mfano wa tone la maji kwenye mdomo wa bomba. Jioni hiyo Tone alikuwa chini ya meza, akimvalisha mdoli soksi.

Baba alitaka kumpeleka Tone kwenye jiji kubwa kwa treni, waondoke Ijumaa asubuhi, warudi Jumapili. Ingekuwa mara ya kwanza mtoto kulala mbali na mama yake. Afisa ustawi wa jamii aliwaketisha wote wawili akawaambia: jaribuni. Baba akimrudisha mtoto Jumapili kabla ya saa mbili usiku, atampata wikiendi mbili kila mwezi. Akichelewa, kwa sababu yoyote ile, atabaki na Jumamosi zake za mchana kama zamani. Wote wakatia saini, kila mmoja akiomba kimoyomoyo mwenzake akosee.

Mama Tone alikuwa karani wa vifurushi pale stesheni. Kwa miaka tisa alilipwa mshahara kutafuta makosa ya watu: kamba iliyolegea, anwani isiyosomeka, mzigo wa kilo kumi na saba ulioandikwa kumi na tano. Akavuta kiti, akausoma mpango kwa jicho hilo hilo.

Fundi alikuwa ameuchora kama anavyochora mabomba ya nyumba. Mstari ulitoka stesheni ukaenda hosteli ya walimu, kitanda kimoja, shuka waje nazo. Kutoka hosteli ulikwenda bustani yenye bata, halafu makumbusho, ambako watoto huingia bure Jumamosi hadi saa sita. Halafu jengo la ghorofa kumi na nne lenye lifti ya kioo: "kupanda na kushuka mara tatu, bure." Kisha kulala mchana, saa moja na nusu. Kisha kutazama chemchemi ya uwanjani maji yakiruka. Behewa la daraja la tatu, namba sita, kwa kuwa liko jirani na behewa la chakula. Watu wakienda kula viti hubaki vitupu na Tone anaweza kujinyoosha. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Mayai ya kuchemsha sita, mikate miwili, maji ya kutoka nyumbani. Na kila penye duara pana choo.

"Hiki cha makumbusho kimefungwa," alisema mama bila kuinua macho.

"Kimefunguliwa. Bomba lake nimeliweka mwenyewe."

"Hosteli ina kunguni."

"Hilo ulilisema mwezi uliopita. Nikaenda, nikageuza magodoro yote mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Kabla ya hapo ulisema Tone hutapika kwenye treni. Nikampandisha mpaka stesheni ya pili, tukarudi, akala ndizi mbili akaniomba ya tatu. Ukasema ana homa. Nikaleta kipimajoto. Umebakiwa na nini? Sema sasa hivi nikafanye kazi."

Hakubakiwa na kitu. Mpango ulikuwa umekaza kama nati mpya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu huyu huyu, walipokuwa pamoja, alikuwa hawezi kukumbuka siku ya kulipa maji, yeye na ufundi wake wa maji.

"Kumbe akili unazo," alisema, akimsukumia karatasi. "Ulikuwa unazificha wapi?"

"Mbali na wewe."

Tone akatoa kichwa chini ya meza. "Baba, lifti ya kioo unaona miguu ya watu?"

"Unaona, mama. Mpaka soksi."

Mtoto akacheka, na kicheko hicho kikamwingia mama yake kama mwiba. Akipapenda huko, je? Akirudi akauliza atakwenda tena lini?

Alhamisi, karibu saa sita mchana, waraka ukafika ofisi ya vifurushi. Kuanzia Jumapili hii, kwa wiki nne, treni ya saa tisa alasiri kutoka jijini haitatembea siku za Jumapili, kwa ajili ya matengenezo ya daraja. Vifurushi vya siku hiyo vipokelewe kwa ajili ya Jumatatu. Abiria watatangaziwa Jumamosi mchana.

Aliusoma mara mbili. Kutoka jijini kulikuwa na treni moja tu kwa siku, na ndiyo hiyo. Basi lilizunguka mlima na kuingia kesho yake. Tangazo likibandikwa, fundi na mwanawe watakuwa ndani ya lifti ya kioo wakitazama soksi za watu. Jumapili saa tisa watafika stesheni na mabegi yao, wakute geti limefungwa. Saa mbili usiku itapita. Basi, kwisha habari ya wikiendi mbili.

Furaha ikampanda mpaka akaona haya, akajifanya anatafuta kalamu.

Jioni dada yake mkubwa alipopita kuchukua sufuria lake, akamweleza. Dada alikaa papo hapo, sufuria mapajani.

"Na yeye hajui?"

"Hajui."

"Mwache aende, mdogo wangu. Tena mfungie na mayai."

"Dada, kuna mtoto pale."

"Mtoto atalala kwenye benchi usiku mmoja, kesho yake amesahau. Wewe ulilala kwenye mabenchi mangapi ukimsubiri huyo bwana?" Dada alishusha sauti. "Sikiliza. Hujamdanganya. Umenyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

"Ningekuwa na moyo wako ningelala usingizi mzuri."

"Moyo wangu una nini? Mimi nimekuja kuchukua sufuria." Akacheka, akaondoka nalo, na nyumba ikabaki na maneno yake.

Mama Tone alikuwa mtu wa sala. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Alisali asubuhi kabla ya chai, magoti kwenye mkeka ule ule, na maneno yake yalikuwa machache kwa kuwa aliamini Mungu hana haja ya hotuba. Ijumaa hiyo alipiga magoti, begi la Tone limekwisha kufungwa pembeni, akaanza kuwaombea wasafiri kama alivyofanya maisha yake yote. Uwafikishe salama. Hilo lilitoka. Uwarudishe. Hilo likakwama.

Akajaribu tena. Ulimi ukawa mzito kama wa mgonjwa. Angemwombaje Mungu awarudishe, na huku nakala ya waraka imo kwenye mkoba wake, na yeye ndiye aliyekaa juu ya njia ya kurudi? Akaona wazi kwamba hakuwa ananyamaza. Alikuwa anaomba. Tangu Alhamisi saa sita alikuwa anamwomba Mungu amsaidie kumlaza mtoto wake kwenye benchi.

Akainuka bila kusema amina. Hakuwa na cha kuitikia.

Fundi alikuwa amefika stesheni mapema, akasimama jukwaani, kachana nywele, begi mgongoni. Mama Tone akamkabidhi mtoto, akatoa waraka.

"Treni ya Jumapili haipo. Mpaka Jumatatu."

Fundi alisoma, kisha akamtazama, na polepole akaanza kutabasamu tabasamu la mtu aliyekuwa akilisubiri hili tangu alfajiri.

"Sasa umefika mbali," alisema. "Kunguni, matapishi, homa, na leo daraja."

"Ni waraka wa ofisi."

"Karatasi ziko mezani kwako kila siku. Kesho utaniandikia kwamba reli imehamishwa. Unataka nifanye nini, niambie? Nirudi kesho? Siku mbili ziwe moja?"

"Kaulize dirishani."

Akaenda, Tone mkononi. Muuza tiketi, ambaye chai yake ilikuwa inapoa, akasema yeye hajapewa habari hiyo, na tiketi ya Jumapili ni halali kama ilivyoandikwa. Fundi akarudi, mabega juu.

"Umesikia? Hata aibu huna. Mbele ya mtoto."

Hapo Mama Tone alielewa kitu kilichomtia baridi. Ule ndio ulikuwa ukweli wa kwanza aliompa mtu huyu mwaka mzima, na haukuwa na pa kuingilia. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umeujaza mlango. Angeweza kuapa, angeweza kulia, fundi angeona ni mbinu mpya tu. Na behewa namba sita lilikuwa limekwisha funguliwa.

"Nipe mpango wako," alisema.

"Wa nini?"

"Nipe."

Akaugeuza upande usioandikwa, akauegemeza kwenye toroli la mizigo, akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini, polepole, ili pasiwe na neno la kubishaniwa: kwamba yeye, mama wa mtoto, amekubali mtoto arudi Jumatatu badala ya Jumapili, kwamba baba akifika Jumatatu kabla ya saa mbili usiku atahesabiwa hajachelewa, kwamba hatalalamika kwa afisa ustawi. Akatia saini. Akaandika na tarehe. Usiku wa tatu alikuwa ameutoa kwa mkono wake.

Fundi alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Nimekwambia."

"Uliniambia na kunguni." Aliikunja karatasi, kisha akaikunjua. "Haina muhuri."

"Fundi, treni inaondoka."

"Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kitu kisicho na muhuri hakipo. Bila muhuri, Jumatatu utasema hukuandika."

Alitamani kumzaba kofi. Akakimbilia ofisini, akarudi na muhuri pekee aliokuwa nao, ule wa vifurushi, akaupiga chini ya saini yake kwa nguvu hadi toroli likasogea. Ukasomeka vizuri: UMEKABIDHIWA UKIWA MZIMA.

"Ndivyo nitakavyompokea," alisema. "Mzima. Na hiyo siku iliyoongezeka ukamlishe kitu zaidi ya mayai."

"Nitamlisha. Hukuniandikia hayo kwa ajili yangu, kwa hiyo sikushukuru."

"Sijakuomba."

"Haya."

Akampandisha Tone behewani, akamfuata. Mama alisimama chini ya dirisha. Mtoto alikuwa amekwisha kupewa mpango, anautazama kichwa chini miguu juu, anahesabu maduara kwa kidole.

"Muage mama," baba alimwambia, bila ukali wala upole.

Tone akapunga mkono mara moja, akarudi kwenye hesabu yake. Treni ikaanza kuvuta. Mama Tone alibaki jukwaani na muhuri mkononi, wino umemchafua kidole gumba, midomo ikitamka lile neno lililokwama asubuhi. Safari hii lilitoka lote, na lilimuuma kila herufi.