Mtoto Namba Sitini

Wanaosema kompyuta ndiyo iliyomnyima yule mtoto wanadanganya, na baadhi yao wanajua kwamba wanadanganya. Kompyuta haina ugomvi na mtoto wa mtu. Mtu alikaa kitini, akaandika namba, akaenda kunywa chai. Nilikuwepo kiwandani kabla ya hiyo kompyuta na nilikuwepo ilipoletwa, kwa hiyo acheni nisimulie mimi.

Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Mimi nakata sponji. Chumba cha pili wamo washonaji, wanawake watupu, na mmoja wao tulimwita Pindo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzungusha pindo kwenye kingo za godoro na hakuna mwenzake aliyeweza kupita kona bila kuacha mkunjo. Nyuma kabisa, kwenye joto, yuko fundi wa boila tuliyemwita Mvuke. Hao wawili walikuwa mke na mume. Wakaachana. Binti yao alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na alihitaji kiatu chenye soli iliyoinuliwa, kiatu cha kubadilishwa kila anapokua. Hakimu akaamuru kwamba theluthi ya mshahara wa baba, ule unaobaki baada ya makato, iende kwa mtoto, na ikatwe kiwandani kabla baba hajaigusa.

Amri nzuri. Lakini hakimu hakuuliza makato yenyewe yanakatwa kwa zamu gani.

Sasa sikiliza jinsi ile programu ya mishahara inavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wanapopigwa bao huku wamekodoa macho. Kwanza inajumlisha: mshahara wa msingi, posho ya usafiri, saa za ziada. Ikimaliza kujumlisha inaanza kushuka. Kila kato lina namba yake ya foleni. Kumi ni pensheni, ishirini ni kodi, thelathini ni ushirika wetu wa kuweka na kukopa, na kuendelea hivyo. Kila kato linakula katika kile kilichoachwa na lililotangulia. Ni kama bomba la maji linaloteremka mtaani. Nyumba za juu zikishajaza mapipa yao, nyumba ya chini inafungua koki na kusikia pumzi tu. Mtoto wa Pindo aliwekwa namba sitini.

Na ile thelathini ya ushirika haikudondoka kutoka mbinguni. Nakumbuka enzi kampuni ilipokuwa ikitukata pesa za ushirika halafu haizifikishi. Tuligoma. Tulilala getini na watoto wetu. Tukapata barua yenye mhuri: isipokuwa pensheni na kodi, hakuna kitakachotangulia ushirika mpaka chama cha wafanyakazi kiridhie kwa sahihi. Ulikuwa ushindi, na mpaka leo nauita ushindi. Ila tuliuacha bila mlinzi, na wajanja wakahamia ndani na virago vyao.

Ujanja ulikuwa huu. Akiba ya ushirika ni hiari, unaweka kiasi unachotaka. Mwanamume aliyeamriwa kulea mtoto anaandika kwamba kuanzia sasa akatwe akiba kubwa, karibu mshahara mzima. Programu inashuka, inafika thelathini, inamwekea akiba yake mwenyewe, inafika sitini na kukuta makombo. Theluthi ya makombo inakwenda kwa mtoto. Wiki inayofuata baba anakopa kwa dhamana ya ile akiba, anatembea na pesa yake mfukoni. Wenyewe waliuita kupanda ghorofani.

"Vipi Mvuke, umepanda?" walimuuliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Nimepanda mpaka juu ya paa, jamani. Wakija na ngazi watanikuta nimeshaivuta."

Wakacheka mpaka wakashika makabati. Aliyecheka zaidi alikuwa mpakiaji mmoja, mtu mwenye kifua kipana kama mlango wa bohari, ambaye hata mtoto wa kumkimbia hakuwa naye. Alicheka kwa sababu wenzake walicheka. Hao ndio huwa wanafanya mambo yaendelee.

Pindo alirudi mahakamani. Karani wa kule akatazama karatasi na kumwambia theluthi imelipwa, dada, amri imetekelezwa, mwingine aje. Ndipo akanijia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwakilishi wa chama, tukaenda wote kwa karani wa mishahara, tuliyemwita Desimali.

"Dada yangu, mfumo ndivyo ulivyo," Desimali akasema.

"Mfumo ndiye nani?"

"Mfumo ni hii programu."

"Nani aliyeiambia mwanangu ni sitini?"

Desimali akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Niliandika mimi. Amri ya mahakama ilipokuja, nafasi ya kwanza niliyoiona wazi ilikuwa sitini. Sikufikiria zaidi ya hapo."

"Na ishirini na tano iko wazi?"

Akatazama kioo cha kompyuta. "Iko wazi."

"Basi mhamishe."

"Kuhamisha si kazi, dada. Nabonyeza hapa, nahifadhi, kwisha. Lakini siwezi bila sahihi ya Mwenyekiti wa chama chenu. Ile barua ya mgomo." Akanigeukia. "Kaka, wewe unaikumbuka."

Naikumbuka. Niliishika mkononi siku ilipotoka.

Tuliipeleka hoja kwenye mkutano wa wanachama, ndani ya bwalo la chakula, baada ya zamu ya mchana. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa maneno matamu. Alisimama, akakohoa kidogo.

"Wanachama wenzangu, leo tukimpisha mtoto mmoja mbele ya ushirika, kesho watapita wakwe, kesho kutwa mabibi na mashangazi." Bwalo likacheka. "Mambo ya chumbani yamalizwe chumbani."

Pindo akasimama. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, chumbani hakuna mtu. Mwenye chumba aliondoka. Naomba mtoto wangu ahesabiwe kabla baba yake hajajificha, basi."

"Kamati itaundwa," akasema Mwenyekiti.

Nimeona kamati nyingi zikiundwa katika maisha yangu. Mfupa wa mtoto unakua bila kuingoja hata moja.

Kumbe washonaji walikuwa na lao. Katika ushirika wetu hupati mkopo, hata uwe na akiba yako, mpaka wanachama watatu wakudhamini, na anayedaiwa haruhusiwi kudhamini. Wanaume wengi walikuwa wanadaiwa mpaka kope za macho. Waliokuwa safi ni washonaji. Miaka nenda rudi, mwanamume akitaka mkopo anakwenda chumba cha cherehani na fomu yake na utani wake, nao wanamtilia sahihi kwenye goti huku mguu uko kwenye kanyagio. Hiyo ilikuwa desturi yetu. Hakuna aliyewahi kuiona kuwa ni nguvu.

Asubuhi baada ya mkutano, fomu ya kwanza ilirudi tupu. Ya pili vilevile. "Kalamu imekauka, shemeji," walisema wakiendelea kushona.

Mwezi wa kwanza ulipita kwa mzaha. Mwezi wa pili utani ukakatika, maana ada za shule hazina utani. Mvuke akaanza kukopa sigara, akiba yake imekaa ghorofani na yeye yuko chini anaitazama. Wengine wakaanza kumwita Pindo mchawi. Mimi mwenyewe paa langu lilikuwa linavuja, na fomu yangu ya mkopo niliiacha mfukoni.

Kisha akafariki mama yake mpakiaji. Alikuja chumba cha cherehani mchana, fomu mkononi, vumbi la bohari bado liko kwenye nywele. Alipita mashine zote akaenda moja kwa moja kwa Pindo. Alijua Pindo akitia sahihi, wengine watatia.

"Dada, mama yangu yuko chumba cha maiti. Nataka kumzika."

Cherehani zikanyamaza zote. Pindo aliisoma fomu mpaka mwisho. Nilikuwa mlangoni nimeleta sponji; niliona mkono wake ukielekea kwenye kalamu, nikaona ukirudi.

"Pole sana, kaka yangu," akasema. "Pole kwa msiba. Sitii sahihi."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Ulicheka."

Akaikunja fomu yake, kifua kile chote kimeshuka. Halafu akatoka. Mama yake alizikwa kwa pesa za wale wakopeshaji wa mtaani, wanaochukua televisheni ya mtu bila kubisha hodi. Pindo alikwenda mazishini akakaa nyuma, na hakuna aliyempa kiti. Simtetei. Sijui mpaka leo kama ningeweza kufanya alichofanya, na sijui kama ningetaka kuweza.

Mkutano uliofuata, Mwenyekiti hakuwahi hata kukohoa. Mpakiaji alisimama akiwa bado amevaa kitambaa cheusi mkononi.

"Mwenyekiti, tia sahihi."

"Ndugu yangu, tunakupa pole, lakini hoja hiyo iko kwenye..."

"Nimesema tia sahihi! Mama yangu nimemzika kwa deni la mbwa kwa sababu nyie mnamsaidia mwanamume mzima kumkimbia mtoto kilema. Na mimi nilikuwa nacheka. Mpeni mtoto chake!"

Mvuke akainuka kutoka benchi la nyuma. "Hizi ni pesa zangu, nimezitolea jasho."

"Na mtoto umemtolea nini?" sauti ikatoka upande wa washonaji, na safari hii bwalo halikucheka.

Mwenyekiti alitia sahihi kwenye meza ya chakula, juu ya duara la kikombe cha mtu. Karatasi nilimpelekea Desimali mimi mwenyewe. Akafuta sitini, akaandika ishirini na tano, akahifadhi. Sikupata hata nafasi ya kuvuta kiti. Muda wote ule tulioupoteza, na jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Mwisho wa mwezi theluthi kamili ilifika. Pindo aliniomba nimsindikize hospitali, kwa fundi wa viungo. Chumba kilinuka gundi na ngozi. Fundi alimsimamisha yule binti ubaoni, akaweka vibao chini ya mguu mfupi kimoja kimoja mpaka nyonga zikalingana. Kisha akaja nyuma, akapitisha kidole taratibu kwenye uti wa mgongo, kutoka shingoni kwenda chini. Katikati kidole kikaenda pembeni. Akakirudisha juu, akapitisha tena.

"Ametembea bila soli muda gani?"

Pindo akamwambia.

"Mgongo umeanza kuufuata mguu. Mngemleta mapema."

Pindo hakumweleza habari za foleni wala namba. Angeanzia wapi? Alipiga magoti akamvua mtoto kandambili zake. Fundi akachukua vipimo vya kiatu, akasema kiatu kitauzuia mgongo usizidi kupinda. Kuhusu kunyooka hakusema lolote, na Pindo hakuuliza mbele ya mtoto.